Nukta ya Mama Maxine

Watu wa Karurumo husema mimi nina mdomo. Ni kweli ninao, na sikuuomba. Basi acha niutumie kueleza habari za Mama Maxine vile zilivyokuwa, maana nimechoka kusikia sokoni ati yule mama alirogwa na mashine ya Wazungu. Nani alirogwa? Mimi ndiye jirani yake. Duka langu la unga na mafuta ya kupima limepakana na lango lake, na kila mara mashine hiyo ilipopiga kelele, mimi Gladwell ndiye niliyekimbia.

Jina lake hasa ni Wambeti. Alizaliwa kule chini Mbeere, kwenye jua na mbuzi, akaolewa huku juu kwenye kahawa na mwalimu mmoja mpole aliyeitwa Njagi. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Maxine, na huku kwetu ukiwa na mtoto mmoja watu hukuuliza kila siku wengine wako wapi. Wambeti hakuwajibu. Alishona. Alimshonea mtoto wake magauni, akawashonea wasichana wa Runyenjes sare za shule, na jioni akafuma vitambaa vya kufunikia makochi. Njagi alikufa Maxine akiwa anamalizia masomo ya uuguzi. Kisha Maxine naye akapanda ndege kwenda Uingereza, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaosha wazee wa watu, anawalisha, anawafunika blanketi, na wake yuko huku peke yake. Niambie kama hiyo haiumi.

Mtu mzima hasemi kwamba ni mpweke, lakini mwenye duka huona. Mama Maxine alikuja kwangu asubuhi akanunua kiberiti. Mchana akarudi, sukari robo. Jioni akarudi tena, chumvi. Siku moja nikamwambia, "Si ununue vyote mara moja upumzishe magoti?" Akasema alikuwa amesahau. Hakusahau kitu, alikuwa anagawanya safari apate kuzungumza na mtu. Nikampimia sukari yake polepole, apate kukaa.

Maxine alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya kanisa. Mama yake aliisubiri amefunga kile kitambaa cha kichwa kizuri, na hiyo ni simu ya mulika mwizi tu, haionyeshi uso wa mtu.

Halafu mwaka juzi mvua za masika zilipochachamaa, Mama Maxine aliteleza kwenye matope akienda kukata nyasi ya mbuzi, akaumia nyonga. Hakuvunjika, alichechemea tu. Lakini Maxine aliposikia alilia simu nzima. Haikupita muda akaja Mugendi, fundi wa kutoka Embu mjini, yule wa kufunga kamera na mageti ya umeme. Alikuwa na kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Cucu, nimetumwa na Maxine," akasema, maana kwetu mama mzee huitwa cucu. "Nakuwekea hii ukutani."

"Kamera siitaki," Mama Maxine akamkata. "Nionekane nikibadilisha nguo?"

"Si kamera, Cucu. Ni rada."

"Rada si ya ndege?"

"Ya ndege iko. Na ile kitu polisi wa trafiki hushika kando ya barabara kupima mwendo wa magari, hiyo pia ni rada. Watu wa hali ya hewa wanaitumia kujua mvua imefika wapi. Hata ule mlango wa supamaketi unaojifungua ukikaribia, pale juu yake mara nyingi kuna rada ndogo. Sasa hii ni ndugu yao kitinda mimba."

Mimi nilikuwepo. Sikualikwa, nilikuwa nimeleta maziwa. Nikamuuliza inaonaje na haina jicho.

Mugendi akajikuna shingo. "Inatuma mawimbi, yasiyoonekana, kama haya ya simu. Yakigonga kitu yanarudi. Kutokana na vile yamekawia, mashine inajua kitu kiko umbali gani. Na kitu kikisogea, mawimbi yanarudi yamebadilika kidogo. Si unajua pikipiki ikikujia inalia sauti nyembamba, ikishakupita sauti inakuwa nzito? Ni hivyo hivyo. Hii ni kali mpaka inajua kifua kikipanda na kushuka mtu akipumua. Lakini uso haiuoni, nguo haizioni."

Mama Maxine alifikiri kidogo, kisha akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. "Ah, hiyo naijua! Tukichunga mbuzi tulikuwa tunapigia kelele kilima cha Kiang'ombe. Unaita, unangoja, kinakujibu. Ukisogea karibu kinajibu haraka, ukienda mbali kinachelewa."

"Cucu, umemaliza kila kitu!" Mugendi akasema, akaanza kutoboa ukuta.

"Lakini hakikuwahi kuniita chenyewe," Mama Maxine akasema. "Ni mimi tu nilikuwa naita." Drili ilikuwa inalia, nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia.

Fundi alikifunga sebuleni. Akatuonyesha kwa simu yake kile ambacho Maxine angeona huko Uingereza: mraba ambao ndio chumba, na ndani yake nukta ya buluu. Nukta ndiyo mama. Akitembea inatembea, akiketi inatulia. Ikishuka chini ghafla na kubaki sakafuni, simu ya Maxine inalia.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na Mugendi simlaumu, alifuata alichoambiwa. Maxine amekaa sana na Wazungu, ambao hukaa sebuleni. Huku kwetu nani hukaa sebuleni? Sebule ni ya mchungaji, ni ya wageni wa mahari. Mwenye nyumba hukaa jikoni, na jiko letu liko nje, limejengwa peke yake kwa mbao na mabati, mafiga matatu katikati. Mama Maxine aliingia humo kukipambazuka, akatoka akienda kulala. Mimi kila nikifungua duka nilikuwa natazama paa lile. Nikiona moshi, najua ameamka salama, naendelea na shughuli zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa rada yetu, na haikutaka stima.

Kwa hivyo kesho yake kabla ya saa sita, simu yangu ikalia. "Anti Gladwell! Mami hasogei! Tangu asubuhi hakuna kitu hapo!"

Nikatoka mbio, aproni kiunoni, mteja nimemwacha na unga wake kwenye mizani. Sebuleni hakuna mtu. Chumbani hakuna. Nikamkuta jikoni ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe ya njahi, moshi unamtoka masikioni.

"Kuna nini?" akaniuliza. "Nyoka?"

"Hakuna nyoka. Umekufa huko Uingereza."

Mbio hizo nilizikimbia mpaka nikapungua kilo. Mwishowe Maxine akamwomba mama yake kwa simu: "Mami, tafadhali uwe unakaa sebuleni nikuone. Mchana nisipokuona, usiku silali."

Na akatii. Kwa sababu ni Maxine. Kama ningekuwa mimi nimemwambia, angenicheka. Alihamia kwenye kochi, sweta mbili na leso juu, akakaa ndani ya nyumba yake kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Ilikuwa Julai, ule msimu wetu wa manyunyu na baridi, na nyumba ya mawe bila moto ni kaburi. Alikuwa anapika haraka haraka, anazima moto, anarudi kuonekana. Chai anakunywa ya chupa. Dukani akaacha kuja, maana nukta ikipotea kwa muda mrefu Maxine anaingiwa na wasiwasi. Nikawa nafungua duka natazama paa la jiko, hakuna moshi. Sikujua tena kama ameamka. Mtu wa Uingereza alijua, mimi wa hapa langoni sikujua!

Ungefikiri simu ziliongezeka. Zilipungua. Jumapili Maxine angesema, "Nilikuona asubuhi Mami, ulikuwa unatembeatembea vizuri," na dakika mbili tatu wamemaliza. Halafu Jumapili nyingine hata hapigi, ametoka zamu amechoka. Mama Maxine anavua kile kitambaa cha kichwa, anakikunja, anakirudisha kabatini. Niliona hayo kwa macho yangu, na nilirudi nyumbani nimekasirika bila kujua namkasirikia nani.

Sasa sikia. Siku moja alikuwa anashona kifungo, sindano ikamponyoka ikaingia chini ya kochi. Na ile nyonga yake haimruhusu kuinama, basi akajilaza ubavu, shavu kwenye kapeti, akaanza kupapasa. Kabla hajaipata, simu ikalia.

"Mami! Mami, umeanguka?"

"Sijaanguka. Natafuta sindano."

Maxine akalia, akacheka, akalia tena. Wakazungumza mpaka chai ikapoa. Waliongea juu ya nyonga, juu ya kuku, juu ya marehemu Njagi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani. Kisha Mama Maxine akaja dukani akichechemea, uso unang'aa. "Amepiga! Gladwell, amepiga, na leo ni Jumanne!"

Wiki iliyofuata sindano ikapotea tena. Na nyingine tena. Mimi si mjinga. Nikajiuliza, hii ni sindano gani yenye miguu?

Nikajua alasiri moja nilipoingia na maziwa bila kubisha hodi. Mama Maxine alikuwa amelala chali katikati ya kapeti. Kitambaa kizuri kichwani, viatu amevipanga kando, simu ameilaza kifuani, macho ameyakazia kile kidude ukutani.

"Ngai wakwa!" nikapiga ukemi.

"Nyamaza, Gladwell," akaninong'oneza bila kugeuza kichwa. "Utaniharibia."

Simu ikalia. Nikasimama pale na chupa ya maziwa, nikamsikiliza akisema kwa sauti tamu kama ya bibi harusi, "Hapana, mwanangu, natafuta sindano tu."

Walipomaliza nilimshukia. "Huoni aibu, mtu mzima? Siku ukianguka kweli nani atakuamini?"

Aliketi pale pale sakafuni akivaa viatu. "Nikikaa ananiona," akasema. "Nikitembea ananiona. Akiniona anatulia, na akitulia hapigi. Wewe niambie nifanye nini."

Nikamwekea maziwa yake mezani.

"Na usimwambie," akaongeza. "Nakuomba."

Haikuisha mwezi Maxine akanipigia mimi. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka mifupa. "Anti, hii kitu ni mbovu. Kila wakati ati Mami ameanguka, na hajaanguka. Juzi nilimwacha mgonjwa bafuni nikakimbilia simu, nikagombezwa mbele ya watu. Nimeamua kuizima hiyo kelele. Nitakuwa naangalia nukta tu, inatosha."

Nilikuwa napima mafuta. Nikaweka kikombe chini. Akiizima, mama yake akianguka kweli atalala pale mpaka mtu akumbuke. Na asipoanguka, atalala pale vile vile, simu kifuani, akingoja mlio ambao hautakuja. Ile picha ya pili ndiyo ilinishinda.

"Usizime," nikasema.

"Kwa nini, Anti?"

"Kwa sababu mashine ni nzima. Mama yako analala chini makusudi ili upige. Haya, nimesema. Aninunie akitaka."

Nilifikiri laini imekatika. Halafu nikasikia kilio, na si cha simu, cha mtu aliyefunika mdomo kwa mkono.

"Anti, hiyo nukta naiangalia kuliko chakula changu," akasema. "Kwa basi naiangalia. Nikiona imesogea nasema sawa, Mami yuko, nisimsumbue. Na nikisikia sauti yake nitalia, na karatasi zangu bado, nikitoka huku sitaruhusiwa kurudi. Nikilia, na yeye atalia."

"Basi lieni!" nikamwambia. "Kuna ubaya gani? Simu haiharibiki kwa machozi."

Nikaipeleka simu mbio kwa Mama Maxine ikiwa ingali hewani. Alinitazama akajua nimemsaliti, jicho alilonipa silisahau. Akaishika. Sitasema walivyoongea, sehemu kubwa ilikuwa kulia. Mwishoni tu nilimsikia akiuliza, "Na wewe ukianguka huko, nani anaambiwa?"

Maxine akacheka. "Mimi sianguki, Mami. Na tuko wengi hapa, nyumba imejaa wasichana."

"Weka yako pia. Umenitazama vya kutosha, na mimi nataka kukuona."

Mugendi akarudi, akahamisha kile kidude akakipeleka jikoni, palipokuwa pahali pake tangu mwanzo. Palimtoa jasho. Mabati yanarudisha mawimbi huku na huku, rada ikawa inawaona Wambeti watatu, mmoja wao yuko nje ya ukuta. Kuku akipita, nukta. Ilibidi akipandishe, akigeuze, aiambie mashine isitazame chini ya magoti wala nje ya kuta. "Mafundi wa rada za ndege hawajui shida kama hii," akanung'unika. Siku hiyo moshi ukatoka tena juu ya paa, nami nikautazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Maxine alituma simu kubwa ya kioo, na huko kwake akafunga kidude chumbani. Mama Maxine akaiegemeza simu kwenye debe la unga, karibu na moto. Sasa naye alikuwa na mraba wake, na nukta yake. "Ametoka kazini," angeniambia. "Ameketi. Ameketi sana, kwani hali chakula huyu?" Na angepiga: "Maxine, simama upike." Nilizoea kwenda kuota moto pale jioni. Tukiwa wawili, Maxine alikuwa anaona nukta mbili, na anatuma salamu, "Mwambie Anti asimalize chai yote."

Lakini yule mama alikuwa anaona jambo, na alikaa nalo muda mrefu kabla ya kulisema. Krismasi nilimpelekea chapati. Mraba wa Maxine ulikuwa na nukta moja, pale kitandani. Tulipokula ilikuwa pale. Tulipoosha vyombo ilikuwa pale.

"Gladwell," akasema, "alisema wako wengi."

"Labda wengine wametoka."

"Tangu msimu wa kuvuna viazi natazama. Asubuhi, jioni, Jumapili. Sijaona mbili hata siku moja."

"Labda hicho cha kwake hakioni vizuri."

"Kinaona," akasema, akasukuma kuni ndani.

Basi mwezi wa Januari, jioni, kahawa ikiwa imeshachumwa na kila mtu yuko kwake, tulikuwa jikoni sisi wawili tunamenya ndizi. Simu kwenye debe ikalia mlio ambao hatukuwa tumewahi kuusikia huku kwetu. Nukta ilikuwa imeshuka chini ikabadilika rangi. Sakafuni, katikati ya chumba.

Mama Maxine alidondosha kisu. Mimi ndiye niliyembonyezea namba, nikaweka sauti kubwa. Nilikuwa namwomba Mungu kwa Kiembu na kwa Kiswahili pamoja. Simu iliita mara moja tu, ikashikwa, kama ya mtu aliyekuwa nayo mkononi.

"Maxine! Maxine, umeanguka?"

"Hapana, Mami." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Natafuta sindano."

Mama Maxine akanitazama, nami nikamtazama. Maxine hajawahi kushona hata kifungo. Kila nguo aliyovaa mpaka siku ya kupanda ndege alishonewa na huyu aliye mbele yangu. Nikainuka polepole, nikachukua chupa yangu ya maziwa, nikaelekea mlangoni niwaachie jiko lao. Nyuma yangu nilimsikia akivuta kigoda karibu na moto.

"Itafute polepole, mwanangu," akasema. "Mimi sikati simu."